Nguchiro, Kiboko na Maji ya Kunawa

Jamani, mpo?
— Tupo!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Masikio?
— Wazi!
Midomo?
— Imefungwa!

Imefungwa? Mbona nasikia mtu anatafuna? Shemeji Mwatatu, nini hicho mdomoni?

"Karanga tu, shemeji. Wewe endelea."

Haya, tafuna, lakini polepole. Hadithi yangu ina chakula ndani yake, na sitaki kushindana na karanga.

Zamani, si zamani sana, wanyama walikuwa na mji wao, na mji ulikuwa na mtaa wa starehe ulioitwa Ngomani. Ngomani ile, jamani! Ninyi mnaojua starehe za siku hizi hamjaona kitu. Jumapili alasiri taa za rangi zinawashwa hata jua halijazama, kwa majivuno tu. Muuza kahawa anagonga vikombe, kli-kli-kli. Mishikaki inalia juu ya makaa, chwiii. Kina mama wamevaa kanga zilizopigwa pasi, watoto wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa. Na katikati ya mtaa, jengo kubwa kuliko yote: Ukumbi. Halikuwa na jina jingine. Ukisema "Twende Ukumbini," kila mtu anaanza kutafuta viatu.

Ukumbi alijenga Mzee Ndovu, na kwa kuwa alijenga yeye, kila kitu kilikuwa kikubwa. Mlango mkubwa, baraza kubwa, jiko la kupikia harusi mbili kwa mpigo. Mbele ya meza palikuwa na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikasuguka, na hapo Bendi ya Vyura ikipiga dansi: ndu-ndu-ndu, krrro! Ndu-ndu-ndu, krrro! Mpishi alikuwa Mama Nguchiro. Binti yake, Nguchiro, alikulia chini ya meza ya kukatia vitunguu. Ndiyo maana macho yake mekundu mpaka leo.

Mzee Ndovu akafa. Ukumbi ukaangukia mikononi mwa Kiboko.

Kiboko mnamjua. Tumbo mbele, mwenyewe nyuma. Akitembea, pu! pu! pu! vikombe vinaruka mezani. Kupika hajui, kucheza hajui. Anajua kula na kudai. Akamtoa Mama Nguchiro jikoni, akaiambia bendi ikatafute dimbwi lake, kisha akasimama barazani akatangaza: "Ukumbi unapangishwa!"

Akaja Nungunungu. Akapaka chokaa, akaziba paa, akaleta vyungu vyake, akapika. Wateja wakajaa. Kiboko alipoona wamejaa, pu! pu! pu! akaja.

"Nungunungu, nyumba ya nani?"

"Yako, Bwana Mkubwa."

"Na vilivyomo?"

"Vyungu ni vyangu, Bwana…"

"Vimo ndani ya nyumba ya nani?"

"Yako."

"Basi toka!"

Nungunungu akatoka na miiba yake tu. Kiboko akaingia jikoni, akala kilichopikwa na kilichokuwa hakijapikwa, akalala. Wateja wakaja, wakakuta mkoromo, wakaondoka. Vyungu vikaota ukungu. Kiboko alipoona njaa, akasimama tena barazani: "Ukumbi unapangishwa!"

Akaja Kanga. Akafagia, akapika, wateja wakajaa. Pu! pu! pu! "Nyumba ya nani?" Kanga akatoka na madoa yake tu. Akaja Mbuni. Akafagia, akapika, wateja wakajaa. Pu! pu! pu! "Nyumba ya nani?" Mbuni akatoka na shingo yake tu.

Mimi jambo hili linanichoma hata leo. Kama nyumba ni yako, sema mapema: nataka kodi hii, utakaa muda huu, haya tupeane mikono. Lakini kumwacha mtu atoe jasho, halafu uje na tumbo lako useme toka? Huo ni wizi uliovaa kanzu!

"Shemeji, taratibu. Utapasua mshipa."

Sijapandisha sauti! Nyamaza utafune.

Basi, Mama Nguchiro alikuwa amezeeka, anakaa na binti yake kwenye chumba cha pembeni mwa mji. Kila Jumapili alasiri anategea sikio. "Mwanangu, si bendi hiyo?"

"Hapana, mama. Ni mvua kwenye bati."

Jumapili moja mama akasema, "Ningekoroga chungu kimoja tu pale Ukumbini kabla sijafumba macho, nisingedai kingine."

Nguchiro akainuka. Akaosha uso, akaenda kwa Kiboko.

"Hodi, Bwana Kiboko!"

"Nani? Sioni mtu."

"Tazama chini, Bwana."

"Aa! Kidudu! Unataka nini?"

"Nataka kupanga Ukumbi."

Kiboko akacheka mpaka bati likalia gwa-gwa-gwa. "Wewe? Hata kitasa hukifikii!"

"Nitapanda juu ya ndoo."

Kiboko akajifuta machozi. "Haya. Kodi yangu ni sahani moja kutoka kila chungu. Na siku nikikwambia toka, unatoka."

"Nakubali. Lakini na mimi nina neno moja, na nataka ulisikie mbele ya watu, ili kesho tusigombane."

Hapo ndipo ninapompenda yule mtoto. Hakunong'ona. Aliita mtaa mzima! Nungunungu akaja, Kanga akaja, Mbuni akaja, Vyura wakaja wanarukaruka. Nguchiro akapanda juu ya ndoo.

"Jamani, mtu akiwa anakula, huinuliwa kwenye chakula chake?"

"Hainuliwi!" wakajibu wote. Ndivyo ilivyo. Hata aliyekuja kukupiga atasubiri umalize tonge.

"Na mlaji amemaliza lini?"

"Akishanawa mikono!"

"Basi neno langu ni hilo. Bwana Kiboko, siku ukiniambia toka, nitatoka, vyungu nitakuachia. Ila asiwemo ndani mlaji ambaye hajanawa. Wa mwisho akinawa, nakupa ufunguo mkononi."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake ni kazi nzito, unaiona kabisa usoni. Akaona: walaji hushiba, hunawa, huenda zao. Kuna hasara gani? "Nakubali! Na nikivunja neno hili, nisiambiwe tena karibu kwenye sahani ya mtu yeyote katika mji huu."

Mtaa mzima ukaguna. Kwa mwenye tumbo lile, hapakuwa na kiapo kikubwa zaidi.

Nguchiro akaingia na ufagio, kwaru-kwaru-kwaru. Sakafu nyekundu ikatokea chini ya vumbi kama ilikuwa inasubiri. Vyura wakarudi na ngoma zao. Mama akaletwa, akakalishwa kwenye kigoda chake kile kile, akapewa mwiko. Akakoroga, akaonja, akatema pembeni.

"Chumvi!" akafoka, kwa sauti ile ile ya zamani iliyokuwa ikiwatetemesha wapishi.

Walioisikia kutoka barabarani walisimama. Wengine walilia, na wala si moshi. Jumapili ile taa ziliwashwa mapema, muuza kahawa akarudi, kli-kli-kli, wazee waliokuwa wanalalamika magoti wakaonekana katikati ya sakafu.

Hapo tena, pu! pu! pu!

"Nguchiro, nyumba ya nani?"

"Yako, Bwana Mkubwa."

"Na vilivyomo?"

"Ukisema vyako, vyako."

"Basi toka!"

Bendi ikanyamaza. Mama akaukumbatia mwiko kifuani kama mtoto.

"Natoka, Bwana," akasema Nguchiro. "Ngoja wageni wanawe."

Akapita na birika na beseni, meza kwa meza. Chururu, huyu akanawa, akaondoka. Chururu, yule akanawa, akaondoka. Hakumchelewesha hata mmoja. Akabaki Kobe peke yake, na Kobe akitafuna, hata wali unasahau umeingia lini. Kiboko akasimama mlangoni, anasubiri. Kusubiri si kubaya. Lakini alisubiri karibu na jiko.

Nguchiro akapakua sinia la pilau, akaketi aonje chakula chake cha mwisho pale. Na mtu akiwa anakula, mwingine amesimama, husema nini?

— Karibu!

Eeh. Akasema, "Karibu, Bwana Kiboko." Adabu tu. Na mwenye akili zake hujibu nini?

— Ahsante, starehe!

Kiboko hakusema starehe. Kiboko akasema, "Nionje tu." Akakaa. Kiti kikalia mama yangu! Tonge la kwanza, la pili, sinia likawa jeupe. Kobe akamaliza, akanawa, akaenda zake. Kiboko akapiga meza.

"Haya, wageni wamekwisha. Lete maji ninawe, unipe ufunguo!"

Nguchiro akaja, birika mkono huu, sahani mkono huu. "Maji haya hapa, Bwana. Ila mama ameepua samaki wa kupaka. Nilete maji, au nilete samaki?"

Kiboko akatazama birika. Akatazama samaki. Nazi inatiririka mgongoni mwa yule samaki, mnaiona?

"Lete samaki."

Akala samaki na miiba yake. "Lete maji!"

"Maji haya hapa, Bwana. Ila kuna ukoko wa wali na mchuzi. Nilete maji, au nilete ukoko?"

"Lete ukoko."

Kru-kru-kru, akamaliza. "Lete maji!"

"Maji haya hapa, Bwana. Ila kaimati ndiyo kwanza zimetoka kwenye shira. Nilete maji, au nilete kaimati?"

"Lete kaimati!"

Sikilizeni vizuri, asije mtu akasema Nguchiro alimnyima maji. Birika lilikuwepo kila safari, limejaa, linaonekana. Aliulizwa, akachagua. Hayo ndiyo mambo ya wazi ninayoyasema kila siku.

Kiboko akala mpaka akasinzia na tonge mkononi. Akaamka, akaita maji, akaulizwa, akachagua chapati. Habari zikaenea mjini. Watu wakajaa kuja kumwangalia, na wakija kumwangalia wanaagiza na wao. Vyura wakatunga wimbo. Mmoja anaimba, "Nilete majiii?" Ukumbi mzima unaitika, "Lete samaki!" Ndu-ndu-ndu, krrro!

Mwishowe hata Kiboko akaelewa. Akasimama na mikono yake inachuruzika mafuta. "Nguchiro! Wewe kidudu! Nyumba hii ni ya nani?"

"Yako, Bwana."

"Ndiyo! Yangu!"

"Na anayekula humu ni nani?"

"Ni… ni mimi."

"Umenawa?"

"Sijanawa."

Nguchiro akawageukia watu. "Jamani, mlaji huinuliwa?"

"Hainuliwi!"

"Basi nitanawa mwenyewe!" akanguruma Kiboko. Akafumba macho asione sahani, akaziba pua asisikie harufu, akakimbia, pu-pu-pu-pu-pu, mpaka mtoni. Chubwi!

Akanawa mkono wa kulia. Akanawa wa kushoto. Mafuta ya siku zote zile hayatoki upesi. Kufika jioni mikono ikatakata, akachomoa kichwa majini ili akadai ufunguo wake. Upepo ukamletea harufu ya kaimati. Alipofika mlangoni, mdomo ulishatangulia.

"Karibu, Bwana," akasema Nguchiro.

Ikawa ndiyo maisha. Mchana Kiboko yumo mtoni ananawa, jioni yumo Ukumbini anachafua mikono. Ufunguo ukabaki juu ya msumari jikoni.

Mama Nguchiro hakukoroga chungu kimoja. Alikoroga mpaka mwiko ukaisha ncha. Siku alipofumba macho, Vyura walipiga polepole, na hata Kiboko, wanasema, hakugusa sahani mpaka wimbo ulipokwisha.

Miaka ikaenda. Wachezaji wakazeeka, muuza kahawa akatoweka na vikombe vyake. Nguchiro naye akachoka. Akazima jiko, akautoa ufunguo msumarini, akaupeleka mwenyewe mpaka ukingoni mwa mto. Hakufukuzwa na mtu.

"Bwana Kiboko, ndani hakuna mlaji. Wa mwisho amenawa. Neno langu ni lile lile, ufunguo wako huu."

Kiboko akaupokea. Akaugeuza, akautazama. Akauliza taratibu, "Na kaimati?"

"Hakuna tena, Bwana."

"Hata za jana?"

"Hata za jana."

 Mkono wa Kiboko ukalegea, ufunguo ukadondoka majini, chubwi. Hakuinama kuutafuta.

Leo Ngomani pamejaa vioo na muziki wa kwenye kisanduku, na mlaji anakula huku anatazama simu kiganjani, neno "karibu" halisemi. Lakini Kiboko bado anatoka mtoni kila jioni. Anasimama, ananusa upande wa mjini, ananusa tena. Halafu anainama anakula majani, kwa sababu ndiyo yaliyopo.

Hadithi nimeiepua. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa imepoa, mlichelewa kukaa.

Na fundisho lake ni hili: msile sana, msijibizane na mwenye nyumba, maana mwenye nyumba ndiye mshindi siku zote.

"Shemeji! Mbona mwenye nyumba kashindwa?"

Nani anasimulia, mimi au wewe? Fundisho nimeshatoa. Haya inukeni wote, nataka kukunja mkeka wangu. Mwatatu, inuka! Nimesema inuka, umekalia mkeka!

"Ningeinuka, shemeji. Lakini karanga bado zimo mdomoni, na mikono yenyewe sijanawa."