Zimwi la Miguu Nje

Sogeeni karibu, ngano imefika. Milimani aliishi mama aitwaye Nakijwa, aliyewafumia wanawe blanketi la sufu. Alipolimaliza, zimwi likaingia.

"Nasikia baridi. Nipe hilo, ama niwameze watoto."

Akalitoa. Zimwi likajifunika, papo hapo likarefuka, miguu ikabaki nje. Akafuma la pili, zimwi likarefuka tena. Akafuma la tatu, likarefuka, na miguu ile ile ikabaki nje.

"Fuma jingine," likasema.

Nakijwa alikuwa amechoka hata kuogopa. Akalitupia sindano. "Keti, ufume mwenyewe."

Zimwi likafuma likinung'unika, na kila safu ilipokwisha likapungua, hata kipande kidogo lilichofuma kikalienea mwili mzima.

"Mama, kimenitosha."

"Basi lala. Na yale matatu nirudishie."

Watoto wakafunikwa, nami ngano yangu naikunja.