Sinia la Kwanza la Shingo-ya-Njiwa

Hapo zamani, katika kisiwa kidogo cha Mwambeni, watu walikata mikoko ya ufukweni, na bamvua, yale maji makuu ya mwezi, ilipofika, bahari ikaingia bonde la mpunga. Mpunga wote ukafa. Mbegu za ng'ambo zikaletwa, zikachipua, zikanyauka kwa chumvi. Miaka sita watu wakala muhogo. Kazija, mjane, akalea wanawe wanne ambao hawakujua ladha ya wali.

Jirani yake, Bi Time, alikuwa na shada moja la mpunga mwekundu wa kale, uitwao Shingo-ya-Njiwa. Alilitundika juu ya moshi wa jiko. Wake za wanawe wakamcheka. Njaa ikabisha hodi, hakulipika. Mwaka wa sita akalitoa.

Lakini waliojua kuupanda walishakufa. Vuai, mpiga ngoma, akaukumbuka wimbo wa kutwangia: "Nioshee kitanda mara saba, ndipo unilaze."

"Kitanda ni bonde," akasema. "Tungoje mvua saba zilioshe."

Wakangoja, wakapanda, mpunga ukasimama.

Ulipochanua, bamvua ikarudi. Safari hii maji yaliishia kwenye mikoko, maana mwanakijiji mmoja, Faki, alikuwa ameipanda upya, akailinda miaka yote. Aligombana na shemeji zake waliotaka kuikata. Hakukata hata fito ya paa lake mwenyewe, akalala akivujiwa.

Wakavuna. Karibu punje zote wakaziweka mbegu. Zilizobaki zikatosha chungu kimoja. Kazija akachaguliwa kupika, na desturi ya kisiwa ni kwamba mpishi humpa sinia la kwanza mtu mmoja, kwa niaba ya wote wanaoshukuru.

Bi Time akasema, "Mwanangu, sitajifanya sitaki. Nililala na njaa, na chakula kikinining'inia kichwani."

Vuai akacheka. "Bi mkubwa, bila mimi shada lako lingeoza kwenye chumvi."

Faki alijibu alipoulizwa tu. "Mkiwapa wao nitafurahi," akasema. "Ila msiseme sistahili."

Kazija akawatazama, machozi yakimlengalenga. "Wanangu watakula wali kwa sababu yenu. Ningekuwa na masinia matatu ya kwanza, ningeshukuru mara tatu."

Lakini la kwanza ni moja. Akalinyanyua, mvuke ukampanda usoni, na watu wote wakamwangalia anaelekea wapi.

Haya, nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza: Bi Time, Vuai, au Faki? Je, nani alistahili?