Vidonge vya Beseni Moja

Siku ya majibu, katika chumba cha kliniki walikuwepo Daktari Kisesa, Sista Ombeni, Naelijwa, shoga yake Nakiete, na wagonjwa wengine kumi na wanane. Wagonjwa wote ishirini walikuwa na lupus, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili iugeukie mwili wenyewe. Kwao ulikuwa umeshafika kwenye figo.

Kwa mwaka mzima, juu ya dawa zao za kawaida, daktari alikuwa akichunguza kama dawa ya zamani ya kutuliza uvimbe ingewasaidia. Ikifaa, wangeendelea kuipata. Kila mmoja alipewa kopo lake na onyo moja: "Meza vyako tu."

"Kwa nini, daktari?" Naelijwa aliuliza siku ile ya kwanza.

"Mama, kazi yako ni kumeza. Maswali niachie mimi."

Watu wakacheka. Naelijwa akakaa.

Mwezi wa pili vidole vyake vilivyokuwa vimekakamaa vilikunjuka, akaanza kufua mwenyewe. Lakini Nakiete alivimba miguu hata ndala hazikumwingia. Naelijwa akashindwa kufurahi peke yake. Siku ya kliniki iliyofuata, nyuma ya jengo, akaweka beseni chini.

"Jamani, kopo langu lina baraka kuliko yenu. Mwageni vyote humu, tuchanganye, tugawane sawa."

"Na daktari?" mmoja akauliza.

"Si kasema tumeze? Tutameza!"

Vidonge vyote vilifanana. Wakachanganya kila mwezi walipopewa makopo mapya. Vidole vya Naelijwa vikaanza kukakamaa tena, lakini hakulalamika, kwa kuwa kuna wiki moja Nakiete alivaa ndala.

Basi siku hiyo ya majibu, Sista Ombeni aliinua miguu ya Nakiete taratibu, akaiegemeza kwenye kigoda bila kuombwa. Daktari akafungua faili.

"Makundi yote mawili yako sawa. Dawa haisaidii. Tunaiacha."

"Makundi gani?" akauliza Naelijwa.

"Nusu yenu mlipewa dawa. Nusu mlipewa vidonge visivyo na dawa, ili tulinganishe."

Naelijwa akaitazama mikono yake.

"Daktari, sisi tulichanganya. Vyote. Kwenye beseni moja."

Daktari akalifunga faili polepole. "Mungu wangu! Mbona hamkuniambia?"

Aliyejibu ni Nakiete, kwa sauti ndogo. "Na wewe, baba, mbona hukutuambia?"

Hakuna aliyecheka.

Utafiti haukurudiwa. Makopo yalikusanywa siku ile ile. Nakiete alizikwa kabla mahindi hayajakauka shambani, na mtoto wake sasa analelewa na Naelijwa.

Funzo: Ukimwomba mtu akusaidie, mweleze kazi yote na sababu yake; ukimnyamazisha, hata wema wake utakuja kuwaumiza wote. Mpelekee ujumbe huu yeyote anayehudumia watu.