Kigingi cha Nanzia

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa tena, nijue mko macho.
— Pakawa!

Zamani, zamani hasa, palikuwa na kijiji mlimani, na maji yake yalikuwa mfereji mmoja tu, chururu, chururu, kutoka kijitoni hadi shamba la mwisho. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya maji na kigingi chake pembeni mwa mfereji. Kigingi kikisimama, una zamu. Kiking'olewa, huna, na asiye na zamu kiangazi hana maharage, na asiye na maharage, jamani, anawalisha nini watoto?

Mgawa maji alikuwa Mzee Kilavo. Aliheshimiwa. Na alikosea, ndiyo, hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Asubuhi moja Mshitu alikuja kulalamika. Alisema ukingo wa mfereji umetobolewa kando ya shamba la Nanzia, maji yamepotea siku ya zamu yake yeye Mshitu, na nani angetoboa kama si Nanzia? Kilavo akapiga pembe kumwita Nanzia kikaoni. Puuu. Hakuja. Puuu. Hakuja. Puuu. Kimya. Basi wazee wa maji, wote watatu, Kilavo, Senzota, na Mshitu huyo huyo, maana naye alikuwa mzee wa maji, wakaamua: asiyeitika amekiri. Kigingi king'olewe, zamu apewe Mshitu.

Kilavo akaenda mwenyewe. Akakishika kigingi, akakitikisa, kwaa, kikatoka. Nyumba ya Nanzia ilikuwa hatua chache tu, na ndani akasikia ngaa, ngaa, sauti ya kitoto kichanga. Akasimama. Akabisha, akauliza kwa nini hakuitika pembe.

Nanzia alijibu akiwa ndani, mlango nusu wazi, maneno yakimtoka mbio kwa woga. "Shikamoo, Babu. Niliisikia, mara zote tatu. Mtoto ana siku kumi na mbili. Mzazi havuki kizingiti kabla ya siku arobaini, mwiko huo mlitufundisha ninyi. Nikitoka nimevunja mwiko, nisipotoka nimekiri. Sasa Babu, mlitaka nipitie wapi?"

Mzee akakitazama kigingi mkononi. Akakirudisha kwenye shimo lake, akakigonga kwa jiwe, ko, ko, ko, akaenda kuwaita wenzake. Wakamwambia uamuzi ukishatoka umetoka. Akasema ule haukuwa uamuzi, tulikuwa tunazungumza peke yetu.

Wakabeba vigoda mpaka mlangoni kwa Nanzia. Mshitu akaweka chake pamoja na wazee.

"Inuka hapo," Kilavo akamwambia. "Unayelalamika wewe, unayeamua wewe, unayepewa maji wewe. Mtu mmoja, vigoda vitatu. Chagua kimoja."

Watu waliokuja kusikiliza wakacheka. Mshitu akahamia upande wa pili, amenuna.

Kisha Nanzia akaelezwa shtaka lote, neno kwa neno, akaulizwa ana nini cha kusema. Akasema jambo moja tu: nendeni mkauguse udongo wa shamba langu. Hakuna aliyekuwa amekwenda. Wakaenda. Mkavu kama majivu, maharage yamejikunja. Wakalifuata tobo kwa jembe, kumbe njia ya fuko, imepita chini kwa chini na kumwaga maji korongoni. Mshitu hakuwa mwongo. Aliona tobo, akatosheka.

Senzota akashusha pumzi, akasema afadhali, mama huyu hana kosa. Kilavo akatikisa kichwa.

"Hata angekuwa nalo, sisi tungekuwa tumemkosea."

Tangu siku hiyo pembe ya kikao ilipigwa mlangoni kwa anayeitwa, na asipoweza kutoka, vigoda vilimfuata. Kilavo akafa, wakaja wengine, na kila mgawa maji mpya, kabla ya kukabidhiwa pembe, alishikishwa kwanza kigingi na kuulizwa: mwenye kigingi hiki umemsikia?

Aliyenyamaza, wenzangu, huenda hajapewa pa kusemea. Na mimi hadithi yangu naiachia hapo, kizingitini.