Rangi Chini ya Bolti

Wapendwa, ninyi mliosimama mlangoni ingieni, viti vya mbele havina miiba. Leo nina habari ya pikipiki. Msicheke, mtanielewa.

Kulikuwa na mtu mmoja, anaishi kwenye baridi kama hii yetu, mwenye pikipiki iliyoizidi ndoa yake umri. Mkewe alimwita Baba Tumpe, nasi tumwite hivyo hivyo. Mama Tumpe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, shule ng'ambo ya mlima, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu utotoni. Kupanda mlima ule kwa miguu asingeweza. Kwa hiyo kila asubuhi mumewe alimpakia, na watoto wa watu wakajua a, e, i, o, u kwa sababu pikipiki ile iliwaka.

Sasa, tangu Pasaka, ikaanza kuzima njiani. Taa inafifia, honi inakohoa, halafu kimya. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa. Ikanunuliwa mpya, wiki mbili nayo chali. Ikaja ya pili, chali. Ya tatu, jamani, hata karatasi yake haijachubuka, chali! Mvua ikawanyeshea mlimani, mwalimu akawa anaingia darasani saa nne, na mwalimu mkuu akaanza kumwita ofisini. Mwishowe Mama Tumpe akasema, "Baba Tumpe, basi. Nitaandika barua ya kuacha kazi. Hii pikipiki imezeeka, wape watu wa vyuma chakavu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma mumewe. Ninyi wanaume mnajua, heri mtu akufokee. Mwanamke huyu aliipenda kazi yake kuliko chai ya asubuhi.

Baba Tumpe akaisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mmoja wa sokoni, mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, fundi. Hii inaua betri. Nadhani ni ya kutupa."

"Marahaba. Ugonjwa nitautafuta mwenyewe. Wewe niambie ulianza lini."

"Baada ya Pasaka."

"Na kabla ya hapo uliifanya nini?"

"Hakuna, fundi. Niliipaka rangi tu. Wakwe walikuwa wanakuja, mtoto anapata kipaimara. Nikaifungua yote, nikaipaka nyekundu mara tatu."

Si tunajijua? Wakwe wakija kwetu, hata jiwe la kunolea kisu linapakwa chokaa.

Fundi akaipiga kiki, ikawaka kwa shida. Akaweka mita kwenye betri, chaji haipandi. Akapima koili ndani ya injini, inatoa umeme wa kutosha. Akapima kifaa kinachodhibiti chaji, kizima. Baba Tumpe akachoka kabisa. Kila kitu kizima, na pikipiki inakufa?

Fundi akaokota kipande cha waya. Ncha moja akaigusisha kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye injini, penye chuma kitupu. Taa ya mbele ikawaka kwa nguvu! Akabonyeza honi, kuku wa mama lishe akarukia juu ya meza ya wateja. Akauondoa waya, taa ikafifia tena.

"Umeona? Umeme upo," akasema. "Unakosa njia ya kurudi kwenye betri."

Akafungua bolti inayoshikilia waya wa ethi, ule unaounganisha betri na fremu. Chini yake palikuwa na rangi nyekundu, nene, inang'aa, na rangi haipitishi umeme. Fundi akachukua msasa. Baba Tumpe akamdaka mkono.

"Fundi! Unaikwaruza? Rangi hii watu wananisifia barabarani!"

"Nataka upana wa ukucha tu, chuma kiguse chuma. Au niache, ukawape watu wa vyuma chakavu ikiwa inapendeza?"

Baba Tumpe akauachia mkono. Fundi akasugua mpaka chuma cheupe kikaonekana, akaurudisha waya, akakaza bolti. Dakika tano. Jumatatu Mama Tumpe alikuwa darasani kabla ya kengele, na betri ilikuwa ile ile ya tatu.

Wapendwa, sisi tumebadilisha betri ngapi? Mtu amepoa moyoni, anahama kwaya. Amehama kwaya, bado baridi, anahama kanisa. Mkesha huu, semina ile, maombi ya kufunga, wiki mbili chali. Halafu anasema, "Mchungaji, imani yangu imezeeka." Haijazeeka! Neema ya Mungu inazalisha umeme mchana na usiku, wala hujafa wewe. Kuna mahali pamoja tu ulipapaka rangi ili wakwe wasione. Kosa ulilolipamba. Samahani uliyoigeuza tabasamu. Wahenga walisema bila kuona haya: mficha uchi hazai. Mungu hakuombi ujichune mwili mzima. Anaomba upana wa ukucha, na tunamdaka mkono!

Nilipoandaa maneno haya nilikuwa nawafikiria ninyi, nikiwahesabu mmoja mmoja. Kisha nikajikuta mimi. Yupo mzee wa kanisa hapa, benchi la pili. Kwenye kikao cha ujenzi nilimjibu kwa dharau mbele ya wanawe wawili, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile kila Jumapili nampa mkono pale mlangoni, nacheka naye meno yote nje, na sijawahi kumwambia nisamehe. Mahubiri yangu ya miezi hii mmeyasikia wenyewe, taa inafifia. Nilidhani ni uchovu.

Mwalimu wa kwaya, kaa kwanza, wimbo usianze. Mzee, usisimame, mguu unakusumbua. Ninakuja mimi hapo ulipo.