Jiwe Alilolichagua Sanangu

Palikuwa na tajiri mmoja, Sanangu, tumbo mbele akili nyuma, aliyejiita mfalme wa maonyesho ya kimataifa ya madini pale Arusha. Alimnyang'anya kila muuzaji mgeni jiwe moja, eti zawadi ya kumkaribisha, na aliyekataa alimtangaza kuwa anauza bandia.

Siku hiyo akaifikia meza ya Nasieku.

"Chagua lolote, bosi," Nasieku alisema, huku akilifunika kwa khanga bonge moja lililojaa udongo. "Ila hili niachie. Nyumbani hata mvua hatuiruhusu ilione."

"Hilo hilo!" Sanangu akalipokonya. "Nilianza kushika mawe wewe hujazaliwa."

Kama wafanyavyo wauza mawe wote, akaliloweka kwenye beseni la maji ya moto ili udongo utoke, kisha akaenda kuwatafuta wanunuzi wa nje. Alasiri akarudi nao, akatumbukiza mkono mbele yao. Akapapasa. Tope tupu.

"Mwizi! Umelichukua jiwe langu!" akamfokea Nasieku.

"Limo humo humo, bosi. Onja maji."

Akaonja, akatema.

"Chumvi ya mawe," Nasieku alisema. "Mbuzi wangu huijua kwa kulamba mara moja, na hajawahi kujiita mfalme."