Sahani Tatu za Ngumbao

Wahenga waliposema kwamba mficha uchi hazai, hawakuwa wakimtuma mtu avue shuka sokoni. Walikuwa wakimwonya mwenye kosa, aibu au shida kwamba asipoifunua mbele ya wale wanaoweza kumsaidia, haitapata dawa. Atabaki nayo kama mja mzito anayemfungia mkunga mlango. Asiyeamini na asikilize kisa cha Ngumbao wa Likoni, kijana aliyekula sahani tatu za pilau na nusura ameze ufuo mzima.

Ufuo wenyewe ni Kitunduni, mwisho wa njia ya mchanga inayopenya vichaka vya mikadi. Hauna ukuta, hauna lango, wala hauna askari wa kukuuliza umekuja kumwona nani. Mchanga wake ni mweupe kama unga wa muhogo, na kasa bado hupanda kutaga mayai. Jumapili asubuhi makanisa ya watu wa bara huja kubatiza waumini wao baharini. Sikukuu ya Idi, kina mama hutandika mikeka na kufungua masufuria. Siku za mapumziko wafanyakazi wa bandari ya Kipevu huja na familia zao kujifunza kuogelea, kwa kelele nyingi na mafanikio machache.

Ngumbao alipata riziki yake papo hapo kwa kukodisha tyubu za magurudumu ya lori. Alikuwa na tyubu kumi na moja na ulimi mmoja uliofanya kazi ya ndimi ishirini.

"Mama, panda bila wasiwasi!" aliwaambia wateja. "Ukizama na tyubu yangu, njoo mwenyewe nikurudishie pesa zako!"

Basi siku moja akaja bwana mmoja nadhifu, shati jeupe, viatu vinavyong'aa kama mboni ya paka. Alijitambulisha kuwa wakala wa kampuni fulani, akaita mkutano wa maendeleo. Alizungumza juu ya barabara, taa na ajira hadi masikio ya watu yakachoka, lakini pua hazikuchoka, kwa maana nyuma ya hema masufuria ya pilau yalikuwa yakitoa harufu ya kumfufua maiti. Karibu na masufuria palikuwa na meza, na juu ya meza palikuwa na karatasi zenye mistari: jina, simu, saini.

"Saini kwanza, sahani baadaye," alitangaza msichana wa mezani.

Hakuna aliyeuliza karatasi ile ni ya nini. Nani asiyejua mahudhurio? Mikutano yote ndivyo inavyokwenda: unatia saini, unapewa soda, unakwenda zako. Ngumbao alitia saini, akala. Alipomaliza, tumbo likamwambia kwamba hilo lilikuwa dibaji tu. Akarudi kwenye foleni na kuandika jina la ndugu yake Kai, aliyekuwa kazini Malindi. Mara ya tatu majina ya walio hai yalimwishia kichwani, akaandika jina la babu yake, Mwarandu.

"Babu alipenda sana pilau," alijiliwaza huku akilamba vidole.

Mwezi haukuisha, kumbe! Habari zikaenea kama moto wa makuti. Kampuni ile ilitaka kujenga majumba ya ghorofa kumi na mbili pale Kitunduni, na ukuta ushuke hadi maji yanapofika. Kasa watafute pa kutagia, na anayetaka kubatizwa akabatizwe kwenye karai.

Watu walikuja juu. Kamati ya kuutetea ufuo ikaundwa, na kwa sababu ya ulimi wake Ngumbao akachaguliwa mwenyekiti. Katibu alikuwa Rispa, karani wa kutoa mizigo bandarini, binti mwenye akili kama wembe na maneno kama pilipili. Ngumbao alimpenda kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza maishani ulimi wake ulikuwa umeshindwa kazi.

Walikutana katika darasa la chekechea, wamekunja magoti kwenye viti vidogo vya watoto.

"Kampuni imepeleka orodha ya saini mia nne na kumi na mbili," alisema Rispa. "Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwamba waliotia saini wameukubali ujenzi. Kabla sijaandika barua ya pingamizi, nauliza: yupo hapa aliyetia saini karatasi za yule bwana? Aseme, tujue pa kuanzia."

Mzee Mwinyihaji, mwadhini wa msikiti wa karibu, alianza kuvuta tasbihi kwa kasi isiyo ya kawaida. Bi Maryanne, kiongozi wa kwaya, alishikwa na kikohozi.

"Mwenyekiti?" Rispa akamgeukia.

"Mimi?" Ngumbao aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Wallahi, hata kalamu yao sikuigusa!"

Rispa akamtazama kidogo, akainama na kuandika kwamba saini zile si zao. Barua ikaenda.

Tangu siku ile Ngumbao alikodisha tyubu zake bila mzaha, na wateja wakadhani anaumwa.

"Mbona umenyamaza kama redio iliyokwisha betri?" aliuliza nyanya yake, Mbeyu.

"Kichwa tu, nyanya."

"Kichwa kinauma mwezi mzima? Basi kikate, tupumzike."

Hatimaye ikafika siku ya kusikilizwa kwa malalamiko. Mahema yalisimamishwa katika uwanja wa shule ya msingi, watu wakajaa pomoni. Afisa wa mazingira, Bi Margaret, alisoma barua ya kamati, kisha akampa wakala nafasi.

"Mheshimiwa," alisema wakala kwa tabasamu la siagi, "wanasema saini si zao. Majina ni yao, simu ni zao. Hao wanaopiga kelele leo ndio waliokubali jana."

Bi Margaret akainua ile orodha. "Kama yupo ambaye jina lake limo humu na hakuukubali ujenzi, asimame sasa aeleze lilivyoingia. Asiposimama mtu, nitaipokea orodha kama ilivyo."

Watu mia tatu walichunguza vidole vyao vya miguu kana kwamba wamepewa asubuhi ile. Ngumbao alimtazama Rispa aliyekaa wima na kalamu yake. Akisema, uenyekiti kwaheri, Rispa kwaheri, na Likoni nzima itamwita Sahani Tatu hadi azeeke. Akinyamaza, ukuta. Wakala akafunga faili lake taratibu, kama mtu aliyekwisha kushiba.

Ngumbao akajikuta amesimama.

"Mheshimiwa, jina langu limo. Nilidanganya kamati yangu. Nilitia saini nipate pilau. Karatasi ilikuwa ya mahudhurio, juu yake hapakuwa na neno lolote la ujenzi. Na nilikula sahani tatu."

"Sahani tatu kwa saini moja?"

"Kwa saini tatu. Namba kumi na saba ni mimi. Tisini na nane ni ndugu yangu, yuko Malindi. Mia moja na tisini ni babu yangu Mwarandu."

"Huyo babu yuko wapi, aje ajieleze?"

"Yuko kaburini, mheshimiwa. Tangu mvua za El Nino."

Kabla mtu hajapumua, nyanya Mbeyu alisimama, mikono kiunoni.

"Ala! Mume wangu amefufuka, akaenda kula pilau, akarudi kaburini bila hata kupita nyumbani kunisalimu?"

Hema zima likaangua kicheko, na kicheko kile kikawa kama kizibo kilichochomolewa. Bi Maryanne akasimama huku akijifuta machozi. "Mheshimiwa, mimi niliandika waimbaji wote wa sauti ya pili, na siku hiyo walikuwa Voi. Sahani zao nilizibeba kwa ndoo."

"Astaghfirullah," alisema Mzee Mwinyihaji. "Mimi nilikuwa na saumu ya sunna. Nikasaini mara mbili, nikafungiwa chakula, nikafuturu."

"Mimi niliandika meneja wangu!" alipaza sauti Kamau, dereva wa lori la makontena. "Na huyo hata Likoni haijui!"

Foleni ikajipanga, ndefu kuliko ile ya pilau. Kabla ya adhuhuri orodha ilikuwa imetoboka kama kifumbu cha kuchujia tui. Bi Margaret akaigeuza kwenye mwanga. Ukurasa wa kwanza, wenye maneno ya kukubali, ulikuwa mweupe pe, umebanwa kwa pini mpya juu ya karatasi zenye madoa ya mchuzi.

"Bwana, huu uliubandika lini?"

"Ni... ni utaratibu tu wa ofisi, mheshimiwa."

"Utaratibu wa kuwauliza marehemu?"

Orodha ikatupiliwa mbali palepale, na baada ya wiki mbili barua ikafika: kibali kimekataliwa, ufuo ubaki kama ulivyo. Vigelegele vilivyopigwa ufuoni viliwafukuza kunguru hadi ng'ambo ya kivuko.

Ngumbao alimfuata Rispa pembeni. "Tafuta mwenyekiti mwingine. Mimi nimejiaibisha."

"Kaa hapo hapo. Ungesema siku ile kwenye vile viti vya watoto, tungemaliza kwa barua moja. Umetukosesha usingizi mwezi mzima."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe." Rispa akatazama pembeni, mashavu yakimcheza. "Namba mia mbili na tatu ni mimi."

"Wewe?"

"Na mia mbili na nne. Kwani unadhani niliuliza kwa nini? Nilikuwa nangoja mmoja wenu aanze."

Ngumbao alicheka hadi akakaa mchangani, naye Rispa akakaa kando yake. Walikuwa mia tatu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeuza ufuo kwa sahani, na walipokaribia kuupoteza haukuwa ujanja wa wakala uliowashinda bali shuka walizojifunika. Kitunduni iko wazi mpaka leo, na ukiuliza ilinusurikaje, hata mtoto mwenye tyubu kiunoni atakujibu: mficha uchi hazai.